Keki ya tangawizi na sukari guru: kwa nini inadidimia katikati na kuacha ladha ya sabuni

"Naishi Jinja, Uganda. Nimejaribu mara mbili kuoka ile keki nyeusi ya tangawizi ya Kiingereza, yenye viungo vingi, inayotumia asali nyeusi ya miwa. Maelezo niliyofuata yanataka gramu 250 za unga, gramu 200 za asali nyeusi, gramu 100 za sukari, siagi, mayai, maziwa, na kijiko kimoja na nusu cha beking soda. Asali hiyo ya kopo ni ghali, kwa hiyo mara ya kwanza nilitumia sukari guru, na mara ya pili nikanunua molasi kwenye duka la vyakula vya mifugo. Unga niliotumia ni ule unaoumuka wenyewe, na soda nilitia vijiko viwili vya kujaa ili nisikosee. Naoka kwa sigiri, yaani jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria. Mara zote mbili keki ilipanda mpaka ukingoni, nikafurahi, halafu ikadidimia katikati kama bakuli. Ilikuwa na ladha ya sabuni na uchungu, na tangawizi siisikii kabisa ingawa nilikwangua kipande kizima kibichi. Jirani mmoja anasema niongeze soda. Mwingine anasema keki hii haiwezi kuokwa kwa sigiri. Nani yuko sahihi? Na je, kwa kuwa sukari guru ni ya asili, mama yangu mwenye kisukari anaweza kuila?"

Keki iliyopanda mpaka ukingoni kisha ikaanguka haikupungukiwa soda, ndugu yangu. Ilizidishiwa. Ukimsikiliza jirani wa kwanza na kuongeza kijiko kingine, keki ya tatu itapanda haraka zaidi, itaanguka chini zaidi, na sabuni utaionja maradufu. Jirani wa pili naye amekosea: sigiri inaoka keki hii vizuri, mradi moto wake upangwe. Shimo la katikati na ladha ya sabuni vinatoka mahali pamoja, kwa hiyo nianze hapo. Tangawizi iliyopotea ina sababu yake mbali. Molasi ya mifugo na kisukari cha mama ni mambo ya afya, na nitayajibu wazi.

Beking soda ni alikali, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na maji na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na mapovu ya gesi hiyo ndiyo yanayoinua keki. Katika keki hii asidi inatoka kwenye asali nyeusi yenyewe, kwa maana molasi na jamaa zake zote zina uchachu, hata kama utamu unauficha. Ndiyo sababu wapishi wa Uingereza huiumua keki ya tangawizi kwa soda. Soda ikipata asidi ya kutosha humalizika yote na haiachi dalili. Ikikosa, inayobaki hugeuzwa na joto kuwa kabonati, ambayo ni alikali kali zaidi, na alikali ikikaa pamoja na mafuta ndiyo njia ileile ambayo sabuni hutengenezwa. Ulimi wako haukukudanganya.

Sasa hesabu ulichotia. Kijiko cha chai cha kujaa kinabeba karibu mara mbili ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, na maelezo yote ya kuoka huhesabu kijiko kilichosawazishwa. Kwa hiyo vijiko vyako viwili vilikuwa karibu vinne. Juu yake, unga unaoumuka wenyewe tayari una beking pauda ndani, ambayo imebeba soda yake na asidi yake. Na mara ya kwanza ulitumia sukari guru, ambayo uchachu wake ni hafifu kuliko wa asali nyeusi ya kopo, kwa hiyo hata soda ya kawaida ingekosa wa kuimaliza. Hapo keki ilishindwa kabla haijaingia kwenye moto.

Jambo jingine ni mahali unapoishi, na hili wengi wanaofuata maelezo ya Ulaya hawaliwazi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Jinja iko juu kidogo ya hapo. Maelezo ya Kiingereza yameandikwa na watu wanaooka karibu na usawa wa bahari. Huku juu mkandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, kwa hiyo gesi ileile hutanuka zaidi, karibu asilimia 15 zaidi. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo unyevu hutoka mapema. Mapovu yanakua haraka, kuta zake zinakuwa nyembamba, yanapasuka kabla keki haijashikamana, na katikati inakaa chini. Anayeoka Kabale, karibu mita 2,000, anaumia zaidi yako. Dawa yake ni kupunguza soda na kuongeza unyevu kidogo. Kwa Jinja, Kampala, Mbale au Tororo, punguza robo ya soda iliyoandikwa. Kwa Kabale, punguza nusu.

Halafu kuna tabia ya keki yenyewe. Sukari nyingi huchelewesha wanga wa ngano kunywa maji na kuvimba, na huchelewesha mayai kuganda. Keki ya kawaida ya siagi hushika umbo mapema, lakini hii yenye sukari nzito hubaki laini katikati kwa muda mrefu, huku ukingo ukiwa umeiva na juu pakiwa pamekolea rangi. Sukari guru na asali nyeusi huwahi kuwa kahawia, kwa hiyo macho yanakuambia imeiva wakati moyo wake bado ni uji. Ukifunua kifuniko wakati huo, hewa baridi ikaingia, gesi inasinyaa na hakuna mifupa ya kuishikilia. Nadhani hilo nalo lilikupata, maana umeandika kwamba uliiona ilipofika ukingoni na ukafurahi. Uliionaje bila kufunua?

Kuhusu kitu cha kutumia badala ya lile kopo. Asali nyeusi ya Kiingereza, ile iliyoandikwa "black treacle", haipatikani kwa kuchota tu molasi kiwandani. Ni molasi iliyochanganywa na sharubati ya sukari ili uchungu wake uvumilike. Molasi inayobaki mwishoni viwandani, kama inayotoka kwenye viwanda vya Kakira, Lugazi na Kinyara baada ya sukari nyeupe kukamuliwa mara kadhaa, ni chungu, ina chumvichumvi, na sukari yake imepungua. Ukiweka gramu 200 za hiyo mahali pa asali nyeusi, uchungu ni lazima.

Lakini sababu kubwa ya kuiacha molasi ya duka la mifugo ni usalama, hata kama ladha ungeivumilia. Inahifadhiwa na kusafirishwa kama chakula cha ng'ombe, katika mapipa ambayo hakuna anayeyasafisha kwa ajili ya watu. Nyingine huwa imechanganywa na urea, ambayo tumbo la ng'ombe linaweza kuitumia na la mtu haliwezi. Kuichemsha hakuondoi urea wala kutu. Uliyokwisha kula isikunyime usingizi ikiwa hakuna aliyeumwa, ila iliyobaki wape wanaofuga. Aliyekula akatapika, akaharisha au akapata kizunguzungu aende kituo cha afya, na awaambie wazi alichokula.

Sukari guru ndiyo jibu lako, na uko mahali pake kabisa, maana Busoga ni nchi ya miwa. Ni juisi ya miwa iliyochemshwa mpaka ikaganda, na molasi yake bado imo ndani. Inatoa utamu, rangi na ule uzito wa ladha ya moshi ambao sukari nyeupe haina. Inachokosa ni uchachu na weusi. Uchachu tunaurudisha kwa bongo, yale maziwa mazito yaliyoganda. Weusi tunaurudisha kwa kuunguza sukari kidogo. Chagua bonge la kahawia iliyokolea, lisilo na harufu ya pombe, maana lenye harufu hiyo limeanza kuchacha. Jiwe la rangi ya njano iliyofifia ni tamu lakini keki yake hukosa kina.

Asali ya nyuki pia hufanya kazi, hasa ile nyeusi ya West Nile, na uchachu wake unatosha bila bongo. Ila inawahi kuungua na harufu yake huifunika tangawizi, kwa hiyo mimi ningeiacha kwa chai. Na kama siku moja utapata kopo halisi la asali nyeusi, tumia gramu 200 zake na gramu 100 za sukari ya kahawia badala ya sukari guru yote, tumia maziwa yasiyoganda badala ya bongo, acha ile sukari ya kuunguza, na soda ibaki ileile nitakayokuandikia.

Tangawizi sasa. Ukali wa tangawizi mbichi unatoka kwenye kitu kiitwacho jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Mbichi ikipikwa muda mrefu, jinjeroli hugeuka kuwa zinjeroni, ambayo ni tamutamu na pole. Kwa hiyo kipande kibichi ndani ya moto wa saa nzima hupoteza makali, wakati unga wa tangawizi uliokauka unabaki unauma kooni. Mbichi hutoa harufu, kavu hutoa moto, na keki hii inazitaka zote mbili. Zaidi ya hayo, alikali iliyozidi hufifisha viungo, kwa hiyo soda yako ilikuwa inaila tangawizi pia.

Mbichi ina jambo jingine unalolijua jikoni bila kulipa jina. Ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa kabla hayajachemka, chai hukatika vipande. Ndani yake mna kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na joto kali hukiua. Kwa hiyo katika keki tunaichemsha kwanza ndani ya sharubati, ndipo maziwa na mayai yanafuata.

Unga wa tangawizi wa pakiti iliyokaa dukani mwaka mzima ni vumbi. Ufungue na unuse: usipokupanda puani, hautapanda kwenye keki. Ni rahisi kujitengenezea. Nunua tangawizi iliyokomaa, kama ile ya Butambala, yenye nyuzi na ngozi ngumu. Ioshe, ikate vipande vyembamba kama sarafu, ianike juani juu ya kitambaa safi siku tatu hadi tano mpaka ivunjike kwa kelele, itwange, ichekeche. Ihifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Hivi ndivyo ningekupangia kwa sufuria ya duara ya sentimita 22 au chombo cha mraba cha sentimita 20, chenye kina cha sentimita 6 au zaidi. Vijiko vyote ni vya kusawazisha kwa kisu, isipokuwa kile cha tangawizi mbichi, na palipoandikwa kijiko tu ni kijiko cha chai.

Unga wa ngano wa kawaida, usio na kitu ndani, gramu 250. Sukari guru gramu 250. Mwombe mwenye duka akupimie robo kilo ya kila kimoja na huhitaji mizani nyumbani. Maji mililita 100. Siagi au majarini gramu 110. Bongo mililita 120, mayai mawili. Unga wa tangawizi vijiko vitano vya chai, tangawizi mbichi iliyokwanguliwa kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Mdalasini wa unga vijiko viwili vya chai. Karafuu robo kijiko, ambayo ni kama punje sita zilizotwangwa, na usizidishe, kwa sababu karafuu hutia ganzi ulimini na kufunika kila kitu. Kungumanga iliyokwanguliwa robo kijiko, pilipili manga robo kijiko, chumvi nusu kijiko. Beking soda robo tatu ya kijiko cha chai, basi; mwinuko wa Jinja umeshahesabiwa humo. Kwa rangi, vijiko viwili vya mezani vya sukari ya kawaida, na maji ya moto vijiko vitatu vya mezani pembeni.

Kuhusu soda, hakikisha ni ile ya pakiti ya kuokea, wala si magadi ya sokoni tunayolainishia maharage. Nalisema kwa sababu Tanzania wengi huiita soda ya keki "magadi soda", na anayesoma maelezo ya huko anaweza kuchukua jiwe lisilo lake. Pakiti iliyokaa wazi ijaribu: nusu kijiko ndani ya siki kidogo, itoe povu kwa nguvu hapohapo. Ikizubaa, nunua nyingine, maana kuongeza kipimo cha soda iliyochoka huleta ile sabuni tena.

Anza na rangi. Weka vile vijiko viwili vya sukari ya kawaida peke yake kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto wa wastani, bila kukoroga, mpaka sukari iyeyuke, iwe kahawia, kisha ikaribie weusi na moshi mwembamba uanze. Ondoa motoni, rudisha uso nyuma, umimine yale maji ya moto kidogo kidogo. Itarushia matone yanayochoma, kwa hiyo watoto wawe mbali. Ikitulia, ongeza sukari guru iliyopondwa, mililita 100 za maji na tangawizi mbichi. Yeyusha kwa moto mdogo, iache ichemke dakika mbili tu, halafu chuja kwa kitambaa au chujio lenye matundu madogo. Utashangaa kuona mchanga na makapi ya miwa yanayobaki. Kamua vizuri ili tangawizi iachie maji yake. Usichemshe zaidi ya hapo: maji yakipotea, sharubati inakuwa peremende na keki inakuwa ngumu.

Sharubati ikiwa bado moto, tia siagi iyeyuke, kisha viungo vyote vikavu, yaani tangawizi ya unga, mdalasini, karafuu, kungumanga na pilipili manga. Harufu za viungo hukaa kwenye mafuta, na mafuta ya moto huzifungua kuliko unga mkavu utakavyoweza. Iache ipoe mpaka kidole chako kikae ndani bila kukimbia. Hapa watu hukosa subira. Mayai yakiingia kwenye sharubati ya moto yanaganda vipande, na soda ikikutana na joto humwaga gesi yake yote ndani ya bakuli.

Wakati inapoa, washa moto na upake chombo mafuta, utandike karatasi chini na pembeni, kwa sababu keki hii hung'ang'ania. Chekecha unga, soda na chumvi pamoja mara mbili. Soda iliyobaki punje huacha madoa ya kahawia yenye uchungu. Piga mayai na bongo kidogo kwa uma, changanya na sharubati iliyopoa, halafu mimina yote kwenye unga kwa mafungu matatu, ukikoroga kwa mwiko mpaka mabonge yaishe. Usipige kwa muda mrefu. Rojo litakuwa jepesi, la kumiminika kama uji wa mtoto. Usiogope wala usiongeze unga: ndivyo lilivyo, na unga zaidi ungeifanya kavu. Lisizidi nusu ya kina cha chombo. Liingize motoni mara moja, kwani soda imeshaanza kazi na haimsubiri mtu anayetafuta kiberiti.

Mwenye oveni atumie nyuzi 170, au 155 ikiwa ina feni, dakika 45 hadi 55. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Joto lililomo hudumu kwa muda, na keki iliyofungiwa ina nafasi nzuri kuliko iliyochunguliwa.

Kwenye sigiri, shida huwa ni moto mwingi chini. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga safi mkavu kina cha sentimita mbili au tatu, weka vijiwe vitatu vinavyolingana juu yake ili chombo cha keki kisiguse mchanga, na uache nafasi ya vidole viwili pembeni ili hewa ya moto izunguke. Funika kwa kifuniko bapa cha bati. Tumia mkaa ulioshika wote na kuvaa majivu, usiotoa moshi. Sehemu moja iwe chini, sehemu mbili juu ya kifuniko. Ipashe sufuria tupu dakika 15, kisha uweke kipande cha karatasi nyeupe ndani, ufunike dakika tano. Ikitoka na rangi ya majani makavu, joto linafaa. Ikiwa nyeusi, punguza mkaa wa chini. Ikibaki nyeupe, ongeza wa juu.

Oka dakika 50 hadi 60, na usifunue kabla ya dakika 40. Ukitaka kujua inaendeleaje, tumia pua: harufu ya viungo hujaa uani keki inapokaribia. Ukisikia sukari inaungua mapema, toa makaa mawili ya chini bila kugusa kifuniko. Unapofunua, inua kifuniko moja kwa moja juu kisha ukipeleke pembeni, majivu na matone ya mvuke yasiangukie keki. Yote haya yafanyike nje au kwenye baraza. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, na saa nzima ya kuoka ni muda mrefu.

Imeiva pale ukingo unapoachana na chombo, katikati ukibonyeza kwa kidole panarudi, na kijiti ulichochoma katikati kabisa kinatoka na makombo machache yenye unyevu. Kikitoka na rojo linalong'aa, rudisha dakika kumi. Usikisubiri kitoke kikavu kabisa, maana hapo umeshaikausha. Iache ndani ya chombo ipoe dakika 20 kabla ya kuipindua.

Ikididimia tena, iangalie kabla ya kukasirika. Shimo pana lenye uso uliokunjamana na ndani matundu makubwa: soda bado ni nyingi, au kijiko hukukisawazisha. Shimo dogo lenye utepe mbichi chini yake: ilitolewa mapema au kifuniko kilifunuliwa. Mlima uliopasuka juu: joto la juu lilizidi. Chini pameungua na juu pamepauka: mkaa wa chini ulizidi, au mchanga ni mchache. Nzito kama ugali bila shimo: soda imechoka, au rojo lilikaa bakuli kwa muda. Kudidimia kidogo sana, upana wa kiganja na kina cha nusu sentimita, ni jambo la kawaida kwa keki zenye sharubati, hata huko kwao. Nikuambie pia kwamba soda ikipungua, rangi nayo hupungua kidogo, kwa sababu alikali husaidia kukoleza ukahawia. Ile sukari ya kuunguza ipo kwa ajili hiyo, na mimi nachagua keki iliyopauka kidogo yenye ladha safi kuliko nyeusi yenye sabuni.

Usiikate siku hiyohiyo ikiwa unaweza kujizuia. Sukari ya miwa ambayo haijasafishwa ina glukosi na fruktosi zinazovuta unyevu, na baada ya siku mbili tatu uso mkavu hulainika na kunata, na viungo huacha kugombana. Watu wa Yorkshire, Uingereza, wanaooka keki jamaa ya hii yenye oti (oats) kwa sherehe za moto za tarehe 5 Novemba, huioka siku kadhaa kabla kwa sababu hiyohiyo. Subiri ipoe kabisa, ifunge kwa karatasi, iweke kwenye bati lenye kifuniko kinachobana. Kwa joto na unyevu wa kando ya ziwa, imalize ndani ya siku tano. Sisimizi wataitafuta, kwa hiyo bati likae juu ya kikombe kilichogeuzwa ndani ya sahani ya maji.

Ikiwa unafikiria kuziuza, fika ofisi ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, uulize masharti ya chakula cha kufungwa kabla hujachapisha karatasi ya jina. Na mwenye oveni ambayo huunguza kila kitu hata ukipunguza joto aite fundi aiangalie, kwani kidhibiti joto kilichoharibika hakirekebishwi kwa kubadilisha vipimo vya keki.

Sasa mama. Sukari guru ni ya asili, ni kweli, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ileile iliyo kwenye sukari nyeupe. Madini kidogo yaliyomo hayaizuii kuingia kwenye damu. Keki hii ukiikata vipande 16, kila kimoja kina karibu gramu 16 za sukari guru, sawa na vijiko vinne vya chai, na unga wa ngano juu yake, ambao nao huishia kuwa sukari mwilini. Anayesema haina madhara kwa kuwa ni ya asili husema kwa wema, lakini anakosea, na kosa hilo ni la hatari kwa sababu linamfanya mgonjwa ale bila kuhesabu.

Hilo halimaanishi mama akae pembeni siku ya sikukuu akitazama wengine. Wapo wenye kisukari wanaoruhusiwa kipande chembamba baada ya chakula chenye mboga na maharage, wakipunguza chapati au matoke ya mlo huo. Wapo ambao sukari yao haijatulia, au wanatumia insulini, na kwao kipande hichohicho ni tatizo. Mama yuko upande gani, anayeweza kusema ni mhudumu wa kliniki yake ya kisukari, mwenye daftari la vipimo vyake mkononi. Nenda naye siku ya miadi, umwonyeshe mhudumu vipimo nilivyokuandikia hapa, na mwulize kipande cha ukubwa gani na wakati gani. Akiwa na kipimo cha sukari nyumbani, apime kabla na saa mbili baada ya kula, aandike namba zote mbili na azipeleke kliniki. Na akianza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa sana, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.